Tupeane uzoefu: mzee anayekaa kutwa anatazama ukuta, mlimchangamsha vipi?

BintiKimamba
Wakuu, naombeni uzoefu wenu. Baba yangu ana miaka 84, alifanya kazi reli ya kati mpaka akastaafu. Tangu mama atutoke, akiamka anakaa barazani kwenye kiti chake, basi. Anatazama ukuta wa jirani. Nilimnunulia televisheni na king'amuzi, ikawa anasinzia mbele yake. Ukimuuliza "baba umeshindaje", anakujibu "salama", na mazungumzo yameishia hapo.

Juzi mwanangu wa darasa la nne alikuwa anasoma kwa sauti, akasema treni ikitoka Morogoro inafika Dodoma. Baba akageuka. "Unaruka wapi wewe? Mkata, Kimamba, Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe!" Anahesabia vidoleni. Akamweleza mjukuu maji yanavyokula tuta kati ya Kilosa na Gulwe, na walivyokuwa wakiamshwa usiku wa manane kwenda kushindilia kokoto. Sauti ile sijaisikia miaka miwili. Nilikuwa nachambua mchicha, mikono ikaniganda. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mlezi_Lowell
Umenigusa dada. Niko Lowell, Massachusetts, mwaka wa kumi na moja huu nafanya kazi ya kulea kwenye nyumba ya wazee. Mji huu ulikua kwa viwanda vya nguo, na tuna bibi wa miaka 91 aliyeshona viwandani tangu usichana. Ratiba ya shughuli imebandikwa ukutani: bingo, mazoezi ya kitini, kupaka rangi. Yeye hataki hata moja. Jua likianza kushuka anahangaika, anavuta vitasa vya milango, anasema anachelewa zamu.

Siku moja nimezidiwa, nikamwekea kapu la taulo mapajani. Akaanza kukunja. Pembe juu ya pembe, kisha anapitisha kidole gumba kwenye upindo kutafuta uzi uliochomoka. Akaupata mmoja, akanionyesha kwa hasira kabisa, kama mimi ndiye niliyeshona. Alitulia mpaka chakula cha usiku. Tangu hapo kila jioni nampelekea kapu. Akimaliza nalipeleka chumba cha pili, nazikunjua zote, namrudishia.

Salma wa Ngamiani
Kweli tupu. Mkono hausahau.

Bwana Heri
Hapo kwenye kuzikunjua mimi sikubali. Huyo ni mtu mzima na unamfanya mtoto. Siku akigundua?

Mlezi_Lowell
Bwana Heri, njoo ukae naye saa moja tu ya jioni, umwone anavyolia mlangoni, halafu tuzungumze.

Bwana Heri
Sijasema usimpe kazi. Mpe kazi ya kweli. Nyumba ya wazee wote hao haikosi nguo za dobi? Na shida yenyewe ni hao watoto waliomtupa huko. Kwetu mzazi hapelekwi nyumba ya wazee.

Mlezi_Lowell
Nguo za dobi, sawa, hilo nalichukua. Lakini watoto wake wanakuja kila Jumapili, wanamsuka nywele. Mimi mama yangu yuko Morogoro na mara ya mwisho kumshika mkono ni 2019. Usiniambie nani katupa.

MpwaWaBabu
Jamani turudi kwenye mada. Babu yangu ni bao tu. Kete 64, mashimo 32, na ukitakata vibaya, yaani ukisogeza kete bila kula, anakupiga kibao cha mkono. Jina langu anakosea, ila kete zako za kunamua, zile hujaingiza ubaoni, anajua zimebaki ngapi. Ushauri: usimwachie ashinde. Anajua, na atakasirika.

Salma wa Ngamiani
Wangu ukimfunga anasusa kula. Mwachieni ashinde!

Mwana wa Pangani
Nataka kusema jambo ambalo nyumbani kwetu hatulisemi.

Mama alikuwa na akili zake timamu, miaka 78, anasuka ukili na kusimamia jiko zima kwa mdomo akiwa mkekani. Jumatatu akaanza kumwita dada yake aliyefariki zamani. Jumanne hanitambui. Jumatano usiku nimemkuta uani kavaa kanga moja, anakwangua ukuta kwa kucha, anasema kuna watoto wamefungiwa ndani. Nilipomshika akaning'ata.

Kaka akasema ni mambo ya watu, akaleta mganga. Siku mbili mama anafukizwa, anakohoa, amelegea. Tulipompeleka zahanati tukaambiwa "ni uzee huo", tukapewa dawa ya usingizi. Akalala, hata maji hanywi. Shangazi akaanza kuulizia sanda.

Mpangaji wetu ndiye aliyetulazimisha twende hospitali kubwa. Wakampima mkojo: maambukizi makali, na mwili umekauka maji. Dripu na antibayotiki. Siku ya tano akafumbua macho akauliza nani kachukua sufuria yake ya pilau.

Baadaye akaniambia alikuwa amejizuia kunywa maji wiki nyingi, kwa sababu choo kiko nje na hakutaka kutuamsha usiku. Wiki nyingi! Na mimi nalala chumba cha pili.

Salma wa Ngamiani
Pole sana. Nimelia.

Bwana Heri
Pole ndugu. Sasa choo mlifanyaje?

Mwana wa Pangani
Ndoo yenye mfuniko chumbani, na kengele ya baiskeli kando ya kitanda. Anaipiga hata akitaka hadithi.

NesiMstaafu
Wote shikeni hili la Pangani. Usahaulifu wa uzee unakuja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyebadilika ndani ya siku mbili tatu ni mgonjwa, apelekwe apimwe siku hiyohiyo: mkojo, malaria, sukari, na dawa anazotumia. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi zinaweza kumvuruga mzee kabisa.

Na BintiKimamba, mpime baba masikio. Ripoti ya jopo la jarida la kitabibu la Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14 ya kushughulikia ili kupunguza hatari ya kupoteza kumbukumbu, na kutosikia vizuri ni mojawapo, pamoja na upweke na presha. Mzee asiyesikia anajibu "salama" ili mmwache. Wakati mwingine ni nta tu.

MpwaWaBabu
Babu aling'olewa nta ya ukubwa wa harage. Sasa anasikia tunavyomsema.

BintiKimamba
Nesi, asante. Ni kweli, mwanangu husoma kwa kupiga kelele, mimi naongea taratibu. Jumatatu tunakwenda kupima.

Leo baba kaomba daftari lenye mistari mipana. Anaandika stesheni zote mpaka Kigoma, na mjukuu anachora reli pembeni. Kakwama baada ya Itigi, kakataa nimtafutie kwenye simu. Anasema anataka kuulizana na mtu aliyefanya kazi kule. Kuna yeyote humu ana mzee wa reli Tabora?

Mnyamwezi wa Cheyo
Baba yangu, fundi wa karakana, miaka 81. Nimemsomea swali lako, amekaa kitako. Anauliza baba yako alikuwa sehemu gani, njia au injini? Nitumie namba, anaisubiri simu.