Tupeane uzoefu: Tuliohama vyama vikubwa, huko tulikokwenda tumekuta nini?

Ndugu zangu wa Mombasa, nawaomba mlioacha chama kikubwa mkajiunga na kidogo mtusimulie ilivyokuwa, kwa ukweli na bila kumtukana mtu. Kila mmoja aanze kwa kutaja anakotoka. Naanza mimi mwenyewe.

Changamwe. Nilikuwa wakala wa chama kikubwa katika chaguzi tatu, na kilichonitoa ni mchujo wa chama wa Aprili 2022, wa kuchagua wagombea wake. Kijana tuliyemtaka kwa kiti cha wadi aliongoza kituoni kwetu na katika vituo jirani. Tulihesabu kura kwa mwanga wa tochi za simu, tukatia sahihi fomu, na siku ya tatu cheti cha uteuzi kikapewa mtu aliyepata kwetu kura tisa. Tulipouliza tuliambiwa kwamba chama ni kikubwa kuliko mtu. Hata hivyo Agosti nilikaa kituoni tangu alfajiri, na kura ya ugavana ilipoahirishwa hadi tarehe 29 kwa makosa ya karatasi za kura, nilirudi tena. Baada ya hapo niliandika barua ya kujiuzulu, nikaipeleka chamani na nakala kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, kwa kuwa Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 haimruhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili. Chama nilichoingia hakina ofisi hapa. Tunakutana barazani kwa mwenzetu mmoja, tunachangishana, na kila anayesema husikizwa hadi amalize. Kwangu hilo ni kubwa, maana miaka yote ile sikuwahi kuulizwa nina maoni gani.

Kisauni. Mimi nauza viazi karai. Nilipotaka kujiandikisha katika chama kidogo walimo jirani zangu, nilifungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa simu ya mwanangu nikakuta nimeshaandikishwa katika chama kikubwa ambacho sijawahi kukitilia hata sahihi. Mwaka uliotangulia tulichukuliwa namba za vitambulisho katika mkutano wa kina mama, tukiahidiwa mikopo, na mkopo haukuja. Nililazimika kujiuzulu mahali ambapo sikuwahi kuingia.

Likoni. Wanangu, mnalolisimulia kwetu si geni. Marehemu baba alikuwa mtu wa KADU, chama cha Ronald Ngala, na hadi uzeeni alikuwa akisema kwamba kilipojivunja mwaka wa 1964 na viongozi wake wakaingia KANU, chama kilichokuwa kikitawala, yeye mwenye kadi aliisikia habari hiyo redioni. Mimi nami mwaka wa 1997, miezi michache tu baada ya vurugu zilizowahamisha watu hapa kwetu, nilikipigia kura Shirikisho, chama kidogo cha Pwani, na kikashinda kiti cha Likoni. Tulishangilia mpaka kivukoni. Lakini mbunge mmoja hapitishi sheria peke yake, na chama chenye mtu mmoja bungeni hukaa kikisubiri kuitwa na wakubwa. Kura ile siijutii. Ninachowaomba ni muulize mapema, kabla hamjalipa ada: chama hiki kikitaka kuingia muungano, ni nani atakayeamua, na sisi wa kawaida tutaulizwa? Mimi sikuuliza.

Mji wa Kale. Niligombea wadi kwa tikiti ya chama kidogo baada ya miaka tisa katika chama kikubwa. Watu walinipokea vizuri, ila wazee waliniambia wazi, "Wewe ni mtoto wetu, lakini kura tukikupa itapotea." Karatasi za kura ni sita, moja kwa kila kiti, na wengi wamezoea kuzipa zote chama kimoja. Mawakala wangu walikuwa wanne: ndugu zangu watatu wa tumbo moja na mke wangu. Vituo vilivyobaki sikuwa na jicho, kwa hiyo asubuhi yake nilipita mlango kwa mlango na daftari, nikinakili fomu za matokeo zilizobandikwa. Nilishindwa kwa mbali. Daftari lile ninalo hadi leo, na mwezi huu nimeanza kutafuta mawakala wa vile vituo vilivyobaki.