Saa ya sanamu: Japy ya Kifaransa au tembo wa Junghans anayebembeza saa?

Mpwani_Stuttgart:
Wakuu, salama? Niko Stuttgart. Kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale nimekuta saa mbili, bei zinakaribiana. Moja ni ya Kifaransa ya kuweka juu ya meko ya sebuleni, yale ya kuotea moto: sanamu ya mwanamke ameegemea saa, mashine ina muhuri wa Japy Frères, kiwanda cha Ufaransa. Nyingine ni tembo wa Junghans, kiwanda cha saa cha Ujerumani, mkonga juu, na saa yenyewe inabembea kwenye ncha ya mkonga. Nina rafu moja na watoto wawili watundu. Nichukue ipi?

FundiMajira:
Mkuu, tembo anavutia kwa sababu huoni nguvu inatoka wapi: mkonga hauna waya wala gia. Siri imo ndani ya lile tufe la juu lenye uso wa saa. Mna pendulumu fupi sana kwenye mashine. Ikienda huku na huku, saa nzima inabembea nayo, na tufe zito la chini linaipa uzani. Tembo hana kazi, ni stendi tu. Ndiyo maana saa hizi hazitaki pangaboi wala dirisha wazi, na rafu isipokaa sawa kwa pima maji inasimama. Sasa weka na hao watoto.

BintiForodhani:
Asichanganye na zile za Guilmet, Mfaransa wa miaka ya 1870. Kwake mashine imo kwenye kitako cha chini, na sanamu ndiyo inayozungushwa, kushoto kidogo, kulia kidogo, kwa kiasi ambacho jicho halikamati. Pendulumu ndefu imening'inia mkononi mwa sanamu, inakwenda kama imerogwa. Ukiikuta nzima kwa bei ya tembo, ziache hizo saa zako mbili hapo hapo!

MzeeWaMnada:
Mnaongea mashine tu, sanamu je? Mpindue huyo mwanamke, ukwaruze kidogo chini pasipoonekana. Pakitokea njano, ni shaba au shaba nyeusi (bronzi). Pakitokea kijivu, ni zinki iliyopakwa rangi. Sumaku haitakusaidia hapo, hainasi yoyote kati ya hizo. Na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, kwa hiyo mkono ukivunjika usimpelekee fundi wa kuchomelea, atakurudishia uji. Gundi ngumu inatosha.

Mpwani_Stuttgart:
Shikamoo mzee. Nimerudi dukani, mwenye saa akaniruhusu. Zote mbili kijivu.

MzeeWaMnada:
Marahaba. Ni kawaida, zinki ilimwezesha mtu wa kipato cha kati kuwa na sanamu nyumbani. Ila usilipe bei ya shaba.

FundiMajira:
Basi mimi nasema Japy. Mashine zile za duara zilitoka kwa wingi mno, fundi yeyote wa saa za kale anazijua. Tazama juu ya namba 12: ukiona kitundu kidogo cha ufunguo, ni mtindo wa Brocot, fundi saa Mfaransa, unarekebisha kasi kwa mbele bila kugusa pendulumu. Ukikuta pendulumu imefungwa kwa uzi wa hariri, ni ya zamani zaidi, na unyevu wa hewa utakusumbua. Halafu zungusha mishale taratibu, ukisubiri igonge kila nusu saa. Ukiiharakisha, zile za gurudumu la kuhesabu milio ya kengele zinapotea: mshale unaonyesha 3, kengele inagonga saba. (Ikigonga tatu kwetu ni saa tisa, hilo halina fundi.)

BintiForodhani:
Fundi unamnyima mwenzio raha. Saa ya meko kila nyumba ya zamani huko Ulaya ilikuwa nayo. Tembo anasimamisha wageni mlangoni! Amwekee kabati la kioo, upepo na watoto vyote vimekwisha.

FundiMajira:
Kabati sawa, dada, kama mlango unafunga. Lakini kwanza ahakikishe ni tembo wa kweli. Nakala ni nyingi, za resini na za betri. Avue kifuniko cha nyuma: mashine ya springi, nembo ya Junghans ile ya nyota, na vile vincha viwili vinavyokalia mkonga viwe vikali. Vikiwa butu haibembei hata dakika kumi.

Mpwani_Stuttgart:
Vincha vikali, nyota ipo. Kabati ninalo la vyombo vya mke wangu, sijamwambia bado.

MzeeWaMnada:
Mwambie kwanza. Na usimbebe tembo saa ikiwa mkongani; itoe, ifunge kwa kitambaa peke yake, umshike yeye kwenye miguu. Ukimshika mkonga, zinki haisamehe.