Naomba ushauri: jibu la mwanafunzi kuhusu Witu

MwalimuMkomani: Assalaam aleikum ndugu zangu. Nafundisha historia hapa Lamu. Mtihani uliuliza sababu za Vita Kuu ya Kwanza. Mwanafunzi mmoja hakugusa Sarajevo kabisa, kule alikouawa mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria 1914. Kaandika Witu tupu, ule usultani wa zamani wa huku pwani, Wajerumani walivyoiweka chini yao 1885, na 1890 wakawaachia Waingereza, wao wakapata kisiwa cha Heligoland. Kamalizia: "Waliouziana nchi za watu kama samaki watakosaje kupigana?" Nimpe alama?

NahodhaShela: Kila nikipita ile nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani huwakumbuka wazee wetu. Marehemu babu akiitaja Witu sauti humkauka.

MzeeWaBarza: Mwanangu, alama ni amana.

BintiMalindi: Mwalimu, huyo mwanafunzi ni nani kwako?

MwalimuMkomani: Mbona swali hilo?

BintiMalindi: Jibu tu.

MwalimuMkomani: Mpwa wangu, nakaa naye. Na nishampa 18 kwa 20. Lakini someni alichoandika!

BintiMalindi: Kumbe wataka baraka. Kule Witu, wakubwa wale walimalizana kwa kalamu. Waliopigwa ni watu wa Fumo Bakari, sultani wa Witu, Oktoba 1890. Kilichoeneza moto wa 1914 ni mikataba: 28 Julai Austria-Hungaria yatangaza vita na Serbia, Urusi yasimama na Serbia, Ujerumani na Austria, Ufaransa na Urusi. Ubelgiji ikavamiwa, na 4 Agosti Uingereza imo. Wiki moja!

MwalimuMkomani: Na Italia? Ilifungamana na Ujerumani na Austria tangu 1882. Vita vilipoanza ikakaa kando, 1915 ikaingia upande wa pili baada ya kuahidiwa ardhi. Mkataba ulimfunga nani hapo? Ni tamaa.

JichoKavu: Hii hadithi ya kutunga. Hakuna mtoto wa shule aandikaye hivyo. Mpwa ni wewe.

NahodhaShela: Usimvunjie mtu heshima. Watoto wa huku huisikia Witu kwa bibi zao kabla ya kujua kusoma.

MwalimuMkomani: Wallahi si ya kutunga. Karatasi ninayo hapa. Neno Heligoland kalifuta mara tatu mpaka pametoboka.

MzeeWaBarza: Basi funika jina, mwalimu mwengine aisahihishe.

MwalimuMkomani: Akimpa 9?

BintiMalindi: Itakuwa 9, kaka. Na jioni mkae naye, umsomeshe Sarajevo.

MwalimuMkomani: Alama zishasomwa darasani.

MzeeWaBarza: Zisomwe tena.