Filamu inagoma kwenye rili, na joto hili la Kisumu

Kondele: Wakuu, nasafisha HP5 ya 35mm, filamu ya picha nyeusi na nyeupe, nyumbani. Rili ya plastiki, ile ya kuzungushia filamu kabla ya kuiingiza kwenye tangi la dawa, inameza filamu vizuri, kisha katikati inagoma. Mikono iko ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, jasho linatiririka. Ni picha za harusi ya dada yangu. Nifanyeje?

Milimani: Pole ndugu. Usilazimishe kabisa, mkunjo huacha alama kama mwezi mchanga kwenye negativu. Adui ni unyevu: jelatini, ule utando juu ya filamu, ikilowa jasho huvimba na kunata. Ikigoma, weka kila kitu ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono, pumzika. Rili ikauke hasa, mpaka zile gololi mbili ndogo zilizo ndani yake zicheze. Kata pembe za ncha ya filamu ziwe mviringo, bila kupasua matundu. Mimi napakia chooni usiku, blanketi mlangoni. Taa nyekundu usiwashe, HP5 huona rangi zote.

Nakuru: Nakubaliana naye. Ila mimi natumia rili ya chuma. Filamu huanzia katikati, na unyevu hauisumbui sana. Kwanza fanya mazoezi mchana na filamu iliyoharibika, macho umefumba. Ya harusi isubiri.