Naomba ushauri: babu alifia Burma, nyumbani hana kaburi

Hamjambo wapendwa. Babu yetu wa Seme, Kisumu, alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza. Alifia Burma 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopigana Bonde la Kabaw. Mwili haukurudi. Disemba tunataka kumpa heshima yake bomani. Wazee wanasema tuzike tunda la yago badala ya mwili, ndiyo desturi yetu Waluo. Shangazi, binti yake pekee aliye hai, anataka ibada na jiwe lenye jina, basi. Naona yote yawezekana, ila sitaki aumie. Amemngoja baba yake maisha yote. Miaka 80 ikishapita, yago bado huzikwa? Na mliotafuta jina kwenye Mnara wa Rangoon, wenye majina ya askari wasio na kaburi, kule Taukkyan, Burma, mlianzaje bila namba yake ya jeshi?