Pikipiki ya umeme kwenye baridi kali: LFP, NMC au betri za asidi?

FundiSeli (Tabora)
Wakuu, heshima kwenu. Kuna mteja wa hapa mjini anahamia Makete, upande wa Kitulo, na pikipiki yake ya umeme anaondoka nayo. Ni ya 72V, mota ya habu (ya ndani ya gurudumu) ya 3kW, kontrola ya 40A inayokata umeme ikifika 60V. Betri imechoka, anataka mpya kabla hajasafiri. Kwetu hapa kipupwe kikibana sana, alfajiri ya Julai ni nyuzi 14 au 15. Kule Kitulo ni mita 2,600 kwenda juu, na mwezi wa sita na wa saba sakitu inalala kwenye majani, maana yake sifuri au chini yake kidogo. Mezani nina tatu: LFP (lithiamu ya fosfeti ya chuma) ya seli 24 za 32Ah, NMC (lithiamu ya nikeli, manganizi na kobalti) ya seli 20 za 32Ah, na betri sita za asidi za 12V 32Ah. Naomba tulinganishe kwa baridi. Bei nazijua.

Nyuzi24S
Mkuu, tuanze na hesabu ndipo maneno yafuate. LFP yako ni 76.8V mara 32, yaani kama 2,450Wh, na uzito unacheza kwenye kilo 22. NMC ni 2,300Wh kwa kilo 14 hivi. Asidi nayo ni 2,300Wh, lakini kwenye karatasi tu: uzito wake unakaribia kilo 60, na ukitaka ikae muda mrefu usiimalize chini ya nusu.

Sasa weka baridi. Kwenye nyuzi sifuri, LFP inatoa kama asilimia 80 ya uwezo wake, NMC 85 hadi 90, asidi 80 au pungufu. Ukichukulia pikipiki inakula 35Wh kwa kilomita, LFP inashuka kutoka kilomita 70 hadi 56. NMC inashuka kutoka 65 hadi 57. Umeona? LFP inaondoka Tabora ikiwa mbele, inafika Kitulo zikiwa sawa. Asidi kwa nusu yake utapata kilomita 26, na mteja wako atakuchukia.

KakaIpuli
Lakini asidi inachajika hata chini ya sifuri bila shida, ndiyo maana magari ya nchi za theluji bado yanatembea nayo. Mbona tunaitupa haraka hivyo?

Mdau_Harbin
Inachajika, ila haijai. Betri sita ni vyumba 36. Chaja ya kawaida ya 72V ya asidi inapandisha hadi 88.2V, na hiyo imepangwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi moja inayoshuka, kila chumba kinataka kama milivolti 4 zaidi. Kwenye nyuzi 5 betri nzima inataka karibu 91V. Chaja isiyo na kihisi cha joto itawasha taa ya kijani mapema huku betri imebaki na njaa, na njaa ya kila siku ndiyo inayoleta ule unga mgumu wa salfeti kwenye sahani. Mwisho wake wateja wanadai betri ilikuwa feki.

Kwa upande wa lithiamu, wengi wanaogopa kuendesha kwenye baridi. Kuendesha hakuui betri, kunapunguza kilomita tu, na betri ikipata joto uwezo unarudi. Kinachoua ni kuchaji chini ya sifuri. Lithiamu inashindwa kupenya kwenye grafiti kwa kasi ile chaja inayoisukumia, kwa hiyo inaganda juu yake kama chuma. Iliyoganda hivyo nyingi hairudi tena kufanya kazi, na ikiota miiba inaweza kutoboa kitenganishi na kupiga shoti ndani ya seli. LFP na NMC zote zina ugonjwa huu, usidanganyike kwamba mojawapo ina kinga. Huku Harbin Januari wastani ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Watu wanachomoa betri na kupanda nayo ndani ya nyumba. Anayechajia nje usiku kucha, BMS yake (bodi inayolinda seli) ikiwa haina kinga ya baridi, anajichimbia shimo.

FundiSeli (Tabora)
Hapo nimekupata mkuu. BMS niliyonayo inawekewa kikomo cha kuchaji kwa simu. Niweke ngapi?

Mdau_Harbin
Ikatae kuchaji ikifika nyuzi 2, iruhusu tena ikifika 5. Usiweke sifuri kamili, kwa sababu kihisi kinasoma mahali kilipobandikwa tu, na seli za pembeni zinaweza kuwa za baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Na kati ya sifuri na nyuzi 10 chaji polepole: 0.1C (sehemu moja ya kumi ya uwezo kwa saa), yaani kama 3A kwa betri ya 32Ah. Ile chaja ya 10A aiweke kwa ajili ya mchana.

Ujiji_Volti (Kigoma)
Mimi naona mnamtisha mteja wa watu. Kitulo si Harbin. Sakitu inaanguka alfajiri, jioni bado kuna joto la kutosha. Akirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni achomeke pale pale, betri ikiwa bado na joto la safari. Kwa 10A betri ya 32Ah inajaa kwa saa tatu na ushee, ubaridi wa kweli unamkuta ameshamaliza. Kosa ni ile tabia ya kupumzisha betri kwanza halafu kuamka saa kumi usiku kuchomeka. Ushauri wa kuipumzisha ni wa huku kwetu Kigoma na Tabora, mwezi wa kumi betri inapotoka kazini inaunguza mkono. Kule juu ni kinyume chake.

Nyuzi24S
Kwa LFP nakubali asilimia mia, haisumbuliwi sana na kulala ikiwa imejaa. Kwa NMC sipendi ilale kwenye 84V usiku mzima kila siku, inazeeka upesi. Aiache kwenye 82V, seli zikiwa 4.1V, apoteze asilimia kumi hivi ya uwezo apate maisha marefu. Hii inakula ile faida ya kilomita NMC iliyokuwa nayo kwenye baridi. Kwangu mimi LFP imeshapita.

Ujiji_Volti (Kigoma)
Imepita kwa mtu anayekaa sehemu moja. Akiwa anapanda milima na abiria na mzigo, kilo 8 pungufu za NMC zina maana. Halafu tatizo la LFP ni ule msitari wake wa volti uliolala: kati ya asilimia 70 na 30 volti karibu hazibadiliki, kwa hiyo geji ya volti haimwambii dereva kitu. Baridi ikiongeza ukinzani wa ndani ndiyo inachanganya kabisa.

Nyuzi24S
Geji ya volti itupwe, afunge geji ya shanti inayohesabu Ah, hilo halina mjadala.

Kuhusu ukinzani, mfano mdogo: tuseme betri nzima na nyaya zake ina milioumu 60 kwenye nyuzi 25. Kontrola ikivuta 40A, volti zinadondoka 2.4. Kwenye nyuzi sifuri ukinzani unaweza kuwa mara mbili au tatu, tuseme milioumu 150, unadondosha 6V. Kwenye baridi kali ya Harbin ukifika milioumu 300, unadondosha 12V. LFP iliyobaki na asilimia kumi imesimama kama 72V. Toa 12 unapata 60, kontrola inazima katikati ya mlima. Dereva akingoja dakika mbili inawaka tena, anaenda mita mia mbili, inazima tena. Fundi asiyejua anabadilisha kontrola. Dawa ni kupunguza mkondo: weka 25A asubuhi kwa kilomita mbili tatu za kwanza, betri ijipashe yenyewe.

KakaIpuli
Sodiamu je? Naona Wachina wameanza kuziuza na wanasema baridi haizigusi.

Nyuzi24S
Kwenye baridi ni kweli ziko vizuri kuliko zote tatu. Shida ni volti zake kupanda na kushuka sana. Seli moja inatoka 1.5V hadi karibu 4V. Ukifunga 24, ikijaa inakaribia 95V na ikiisha ni 36V. Kontrola ya FundiSeli inakata kwenye 60V, kwa hiyo sehemu ya umeme inabaki ndani bila kutumika, na kapasita za 100V za kontrola zinakuwa ukingoni. Ni hadi abadilishe kontrola.

MamaChaja (Tabora)
Ndugu zangu, msisahau chaja. Ya LFP seli 24 ni 87.6V, ya NMC seli 20 ni 84V, ya asidi 88.2V, na mara nyingi zote zinakuja na kichwa kile kile. Ukichomeka ya LFP kwenye NMC, kila seli inasukumwa kuelekea 4.38V. Hapo umebaki kumtegemea BMS peke yake, na BMS ikigoma kukata ni moto. Mteja akiondoka na betri mpya, chaja ya zamani ibaki karakana. Andika volti kwa rangi juu ya chaja, stika zinabanduka.

Na upepo wa tairi: akijaza psi 32 hapa Tabora kwenye nyuzi 25, baridi ya sifuri inamwondolea karibu psi 4, mwinuko unamrudishia kama 2. Apime tena akifika, asubuhi, kabla ya kutembea.

FundiSeli (Tabora)
Asante mama, hilo la rangi nalifanya leo. Nimeegemea LFP, ila nataka niweke na kipasha joto chini ya seli kwa siku atakazochelewa kurudi. Wati ngapi zinatosha?

Mdau_Harbin
Kilo 22 zinataka takriban jouli 22,000 kwa kila nyuzi moja. Kuitoa nyuzi 5 chini ya sifuri hadi 10 juu yake ni nyuzi 15, kama 92Wh. Mkeka wa silikoni wa 100W utachukua saa moja, ongeza robo au nusu kwa joto linalopotea. Umeme wake utoke kwenye chaja, usitoke kwenye betri, la sivyo anaweza kuamka ikiwa tupu. Weka bati la alumini la milimita 2 kati ya mkeka na seli ili joto lisambae, na themostati inayokata kwenye nyuzi 15. Pembeni zungushia sponji ya kuhami ya milimita 5, lakini usiizibe BMS, nayo inatoa joto lake.

Ujiji_Volti (Kigoma)
Na kihisi cha BMS kikae juu, upande ulio mbali na mkeka. Ukikibandika karibu na mkeka kitasoma nyuzi 12 wakati seli za juu bado ziko sifuri, na BMS itafungua kuchaji. Kama BMS ina nafasi ya vihisi viwili, cha pili kiweke kwenye seli ya pembeni inayopigwa na upepo.