Mjadala: Je, Tidjane Thiam alistahili kuondolewa kwenye daftari la wapiga kura?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: tarehe 22 Aprili 2025, siku chache tu baada ya chama cha upinzani cha PDCI kumteua kuwa mgombea wake wa urais, mahakama ya Abidjan iliamuru jina la Tidjane Thiam liondolewe kwenye daftari la wapiga kura la Cote d'Ivoire, kwa kuwa alichukua uraia wa Ufaransa mwaka 1987, na sheria ya uraia ya mwaka 1961 inamvua uraia mtu mzima anayejitakia uraia wa nchi nyingine. Mwenzetu wa Jinja ameandika kwamba sheria ni msumeno, na kwamba mtu aliyeongoza kampuni ya bima ya Prudential ya London, kisha benki ya Uswisi ya Credit Suisse hadi Februari 2020, ni mgeni aliyerudi kutafuta cheo baada ya kuikosa benki.

Nianze na ninalokubaliana naye. Thiam alizembea. Alichaguliwa kuiongoza PDCI Desemba 2023, lakini uraia wa Ufaransa ulimtoka rasmi Machi 2025, na mtu aliyezoea kupitia mikataba ya mabilioni hakupaswa kukipuuza kifungu kimoja cha sheria ya kwao.

Hoja ya benki, hata hivyo, siipokei. Rais Alassane Ouattara, anayeendelea kutawala baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, naye alikuwa gavana wa benki kuu ya nchi za Afrika Magharibi na naibu mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 2000 alizuiwa yeye mwenyewe kugombea kwa hoja hiyohiyo ya uraia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, huyu hakushtuka Thiam alipofikwa na yaleyale.

Sisi Waganda jambo hili tunalijua. Katiba yetu ya 1995 haikuruhusu uraia wa nchi mbili hadi ilipobadilishwa mwaka 2005, na sheria yenyewe ikaja 2009. Kabla ya hapo binamu yangu, aliyekuwa amechukua pasipoti ya Uingereza, alisimama Entebbe kwenye foleni ya wageni, dola za viza mkononi, akiwa njiani kwenda Arua kumzika mama yake. Hata leo mwenye uraia wa nchi mbili hawezi kuwa rais wa Uganda, na sharti hilo silipingi, mradi litumike kwa wote na wakati wote.

Hapo ndipo ninapomtaka ndugu yangu wa Jinja anijibu. Mwaka 1998, miaka 11 baada ya kuwa Mfaransa, Thiam aliteuliwa waziri wa mipango katika serikali ya Henri Konan Bédié, akaushika wadhifa huo hadi mapinduzi ya Desemba 1999. Sheria ya 1961 ilikuwepo. Msumeno huo wakati ule ulikuwa unakata nini?